Mwanafunzi wa Kompyuta Hufundishwa na Watu Wawili

Maneno haya yalisemwa na mwalimu mmoja wa kompyuta mbele ya wanachama wa tawi letu waliokutana hapa Ndalu. Wengi walioyasikia wameomba kuyapata kwa maandishi, na wale ambao hawakufika nao wanayataka. Kwa hiyo tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa, na mwishoni tumeweka maswali matatu yaliyoulizwa pamoja na majibu yake. – Mhariri.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, wazee wetu, mama zetu, na ninyi nyote wafanya kazi mliofika:

Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeitwa niseme juu ya kufundisha vijana kompyuta na kuwatayarisha kwa kazi. Lakini nisijifanye sijui yaliyopita. Mwaka jana tawi hili lilitoa neno kwamba wanafunzi wa kompyuta wasipokewe tena katika ofisi na maghala ambamo wanachama wenu wanafanya kazi. Sababu yake naijua. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, makarani wawili wa muda waliambiwa kazi imekwisha, na Jumatatu iliyofuata meza zao zikakaliwa na wanafunzi wawili. Wanafunzi hao hawakulipwa hata senti moja. Makarani wale wana watoto shuleni. Na wanafunzi wale walikuwa wangu, mimi niliyesimama hapa.

Mlipokasirika mlikuwa na haki. Hata hivyo nimekuja kuwaomba mlitazame tena neno lile. Siwaombi mlifute na kuacha mlango wazi kama zamani. Nawaomba mahali pake mweke neno lililo bora zaidi, litakalowalinda ninyi na kuwafundisha vijana. Nitawaeleza kwa nini.

YALE TUNAYOWEZA KUFANYA DARASANI

Nchi yetu hii mnaijua. Mashamba haya yalikuwa ya masetla, na wakati wa Uhuru yakagawanywa kwa wananchi. Mahindi ndiyo mali yetu. Kijana akimaliza shule hapa, njia zake zilikuwa tatu: jembe, pikipiki, au basi la Nairobi. Siku hizi wengi wanataka njia ya nne, nayo ni kompyuta. Aliyepata alama nzuri huenda Kibabii, chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2015. Wengine huenda Politekniki ya Taifa ya Kitale, au Matili kule Kimilili, au Kisiwa na Sang'alo upande wa Bungoma. Na wale ambao wazazi wao hawana nauli wala kodi ya chumba, huja kwetu katika chuo kidogo.

Kompyuta zetu ni chache kuliko wanafunzi. Wawili hukaa mbele ya mashini moja. Mmoja hushika kibodi, mwingine hutazama. Mwalimu akiacha mambo yaende hivyo, yule mwenye haraka hushika siku zote, na yule mpole hutazama mpaka mwaka uishe. Mara nyingi yule mpole ni msichana. Kwa hiyo nimeweka sharti kwamba kila robo saa wabadilishane, na anayetazama ndiye anayesema la kufanya, anayeshika hana ruhusa ya kufanya ila aliloambiwa. Stima ikipotea tunaandika programu kwa kalamu katika daftari. Msicheke, mabwana. Kijana aliyezoea kuandika hatua zake kwa kalamu hujifunza kufikiri kabla ya kubonyeza.

Kwa njia hii twaweza kumfundisha sehemu za kompyuta, namna ya kuandika barua na hesabu, namna ya kuunganisha mashini na mashini, na namna ya kuandika programu ndogo. Utaratibu wa siku hizi wa mafunzo ya ufundi, uliokuja baada ya sheria ya mwaka 2013, unataka umilisi. Yaani mwanafunzi asipimwe kwa yale anayoyakumbuka tu, apimwe kwa kazi anayoweza kuifanya mbele ya macho ya mpimaji. Huo ni utaratibu mzuri, nami sina neno juu yake.

Lakini darasa lina upungufu mmoja ambao hakuna mwalimu anayeweza kuuondoa. Darasani hakuna mtu anayengoja dirishani. Hakuna fedha ya mjane. Hakuna lori lililowashwa mtambo nje. Kosa la darasani hufutwa kwa kidole, na kosa la kazini hulipwa na mtu.

HABARI YA GHALA LA MAHINDI

Nitawapa mfano ambao nimeuona mwenyewe. Kijana mmoja, hodari kweli kweli, alipelekwa katika ghala la kikundi cha wakulima kufanya mazoezi ya kazi, yale ambayo vijana huyaita atachimenti. Akaambiwa atengeneze programu ya kuandika mahindi yanayoingia na yanayotoka, kwa sababu daftari zilikuwa zimechakaa. Kwa siku nne akamaliza. Ilipendeza machoni, ukiandika magunia, jumla inajitokeza yenyewe. Akaniita niitazame, nami nikampa alama za juu. Nasema wazi mbele yenu kwamba mwalimu wake hakuona kosa.

Aliyeona kosa ni mama mtunza ghala. Mama huyu alisoma mpaka darasa la saba, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama kompyuta kwa karibu. Aliangalia kidogo, kisha akauliza: “Mwanangu, unyevu unauandika wapi?”

Kijana hakuelewa. Mama akamchukua mpaka kwenye mizani, akamwonyesha kipima unyevu, akamweleza. Mahindi ya kuwekwa ghalani hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, la sivyo huota ukungu na kuwa sumu. Mkulima akileta gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, nalo likaanikwa mpaka likafika asilimia 13.5, halitakuwa tena kilo 90. Litakuwa kilo 85 na kidogo. Karibu kilo 5 ni maji, nayo yamekwenda na upepo. Lakini programu ya kijana yule ilikuwa inaandika kilo 90 zimeingia, na inazingoja kilo 90 zitoke.

Basi pigeni hesabu pamoja nami. Kwa magunia 200 ya namna hiyo, kompyuta ingeonyesha kwamba ghalani kuna zaidi ya kilo 900 ambazo hazipo. Yaani magunia 10. Siku ya ukaguzi nani angeulizwa? Kompyuta haiulizwi. Kijana angekuwa amekwisha rudi chuoni na cheti chake. Angeulizwa mama yule, na baada ya miaka yake yote ya kazi safi angeitwa mwizi na karatasi iliyopigwa chapa vizuri.

Hakuishia hapo. Akauliza tena: “Na wale wanaonunua kwa gorogoro?” Programu ilijua magunia tu. Haikujua kwamba mama wa sokoni hana fedha ya gunia, huja na mkebe wake.

Kijana yule aliivunja programu yake akaanza upya. Safari hii alikaa siku mbili kando ya mizani, kalamu mkononi, bila kufungua kompyuta. Akatazama nani analeta, nani anapima, nani anatia sahihi, na mahindi yaliyooza huandikwa wapi. Programu ya pili haikuwa na urembo kama ya kwanza, lakini ilisema kweli.

Tangu siku ile nimebadili mafundisho yangu. Kila mwanafunzi ninayempeleka kazini, siku zake mbili za kwanza hagusi mashini. Anakaa na mfanya kazi, anauliza, anaandika. Nami nimejua kwamba mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa na watu wawili. Mimi namfundisha mashini. Yule anayeifanya kazi kila siku ndiye anayemfundisha kazi yenyewe. Mmoja wetu akikosekana, tunatoa nusu mtu.

MAMBO YANAYOFUNDISHWA NA KAZI

Yako mambo manne ambayo nimeona kijana huyapata kwa wafanya kazi, wala hayapati kwangu.

La kwanza ni kuuliza bila aibu. Darasani anayeuliza huchekwa. Kazini asiyeuliza huharibu.

La pili ni kuwa mkweli juu ya makosa. Kijana akifuta faili kwa bahati mbaya, jambo lake la kwanza ni kunyamaza na kuomba Mungu. Karani mzima atamwambia: sema sasa hivi, kabla wengine hawajaandika juu yake. Atamwonyesha pia kwa nini kila jioni lazima iwepo nakala ya akiba, tena iwekwe mahali pengine, si katika droo ya mashini ile ile. Mimi nimeyasema hayo ubaoni mara nyingi. Hayaingii mpaka siku ambayo kazi ya juma zima imepotea na watu wamepanga mstari.

La tatu ni kutaja sawasawa jina la mtu na namba yake. Mnakumbuka mwaka 2023 serikali ilipoandikisha wakulima, na ujumbe wa simu ukawa ndio hati ya kuchukulia mbolea ya ruzuku. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, ujumbe huenda kwa mtu mwingine, na mwenye shamba hungoja huku mvua inakwisha. Kwa mwanafunzi, tarakimu moja ni nusu alama. Kwa mkulima wa Ndalu ni msimu mzima.

La nne ni kutunza siri. Katika kompyuta ya ofisi mna mishahara ya watu, magonjwa yao, madeni yao. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019. Lakini kijana hajifunzi siri kwa kusoma sheria. Huijifunza kwa kumwona karani anayemjua mtaa mzima, naye hasemi neno sokoni.

HALI YA ATACHIMENTI ILIVYO

Sasa niseme upande ulio mbaya, maana msinione kama mchuuzi anayesifu mali yake.

Wanafunzi wengine hufika mahali pa mazoezi wakafanywa watu wa chai. Kijana wa kompyuta kwa miezi mitatu anapeleka vikombe, anatoa nakala za vitambulisho, anapanga foleni benki kwa ajili ya wakubwa. Mwisho anatiwa sahihi katika kitabu chake kwamba amejifunza kutunza mitambo. Sahihi ile ni ya uongo, na mwajiri wa kesho ndiye atakayedanganywa.

Wengine hufanywa kinyume chake. Hupewa kazi nzima ya mtu mzima, bila mshahara, bila msimamizi, nanyi mlijionea wenyewe jambo hilo. Hapo mwanafunzi hafundishwi, anatumiwa tu. Na mfanya kazi hasaidiwi, anafukuzwa. Wote wawili wameibiwa na mtu mmoja, kisha wanaachwa wagombane wenyewe kwa wenyewe mlangoni.

Iko hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Mwanafunzi wangu mmoja, katika ofisi nyingine nisiyoitaja, alipewa na mkubwa wake neno lake la siri ili amalize kazi wakati mkubwa mwenyewe yuko safarini. Baada ya majuma kadhaa ikaonekana hesabu moja imebadilishwa. Kompyuta ilisema aliyebadilisha ni mkubwa. Mkubwa akasema yeye hakuwapo, ni yule mtoto. Kijana akarudishwa nyumbani bila sahihi, na baba yake akaja kwangu akilia. Ilichukua miezi mitatu kuonyesha kwamba siku ile kijana alikuwa darasani kwangu akifanya mtihani.

Fahamuni kwamba kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, mtu aliyeingia katika kompyuta bila ruhusa aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Kijana wa miaka 19 atathibitishaje kwamba alipewa ruhusa, kama ruhusa ilitolewa kwa mdomo kandoni mwa mlango? Kama pangekuwapo mfanya kazi mmoja aliyewekwa kumsimamia, angemwambia: mwanangu, neno la siri la mtu usilipokee, hata likitoka kwa mkurugenzi. Mwambie akufungulie jina lako mwenyewe.

SHERIA NA FEDHA YA MAFUNZO

Pengine mtu atasema: mambo haya ni mazuri, lakini nani atayalipia? Nami najibu: fedha ya mafunzo tayari inatozwa.

Sheria yetu ya Mafunzo ya Viwandani ni ya zamani, asili yake ni siku za mwisho za ukoloni. Mwaka 2011 ilibadilishwa, ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ile tunayoiita NITA. Kwa sheria hiyo mwajiri hutoa shilingi 50 kwa kila mfanya kazi kwa kila mwezi. Zinatoka kwa mwajiri, wala haifai zikatwe katika mshahara wenu. Mahali penye wafanya kazi 40, hiyo ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Na mwajiri aliyelipa aweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Basi, ndugu Katibu, liko swali ambalo chama kinaweza kumwuliza mwajiri bila kugombana: Je, fedha ile unailipa? Na ukiilipa, ni nani kati ya watu wako aliyefundishwa chochote kwa fedha hiyo? Kama makarani wenu wa daftari wangefundishwa kompyuta kwa mfuko huo, mwanafunzi angewakuta wanaijua, wala wasingemwogopa.

HOFU YA KUPOTEZA KAZI

Sitawaambia kwamba kompyuta haiondoi kazi. Huo ungekuwa uongo, nanyi mngejua. Mahali palipokuwa na makarani watano wa kujumlisha, leo yuko mmoja. Lakini tusiitie kompyuta lawama zisizo zake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, kilisimama kwa kulemewa na madeni, na wafanya kazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna kijana wa kompyuta aliyekifunga.

Zamani mtu wa Ndalu akitaka kupelekea mtoto fedha Nairobi, alikwenda posta, au akampa kondakta wa basi huku moyo ukidunda. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Njia ile ya zamani ikafifia, lakini tazameni leo vibanda vya mawakala barabarani. Ile kazi ilihama, haikufa. Waliopata hasara ni wale ambao hakuna aliyewafundisha kuhama nayo.

Ndiyo maana nasema kumfungia mwanafunzi mlango hakuizuii kompyuta. Itaingia kwa mlango wa mkubwa, usiku, ikiwa imetengenezwa na watu wa mbali wasiojua unyevu wala gorogoro. Ni heri itengenezwe na kijana wenu, akiwa amekaa karibu nanyi na kuwauliza maswali.

VIJANA HAWA NI WAFANYA KAZI

Tena msidhani kwamba kijana wa kompyuta ni mtu wa tabaka jingine. Huko Nairobi wako maelfu wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa ajili ya makampuni ya Marekani. Wengine kazi yao ni kutazama picha na maneno maovu yanayowekwa kwenye mitandao, ili yaondolewe kabla wengine hawajayaona. Wanaona mauaji kutwa nzima, na baadhi yao wameugua moyoni. Mwezi wa Januari 2023, gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba vijana wa Nairobi waliosaidia kuifundisha mashini ya OpenAI kutambua maneno maovu walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Vijana hao walifanya nini? Walifanya kama baba zenu. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanya Kazi, zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Walikuwa wameipeleka shauri lao mahakamani, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba kampuni ya Meta, yenye Facebook, yaweza kushtakiwa hapa Kenya. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Haisemi ila yule anayefanya kazi kwa kompyuta.

Lakini wengi wa vijana ninaowafundisha hawajui chama ni kitu gani. Wanafikiri ni habari ya wazee wa reli na chai. Kama mahali pao pa kwanza pa kazi watafungiwa mlango na wanachama, watakuwa wamefundishwa nini juu ya umoja? Kesho mwajiri akiwaita wavunje mgomo, watakuja mbio. Nanyi mtakuwa mmewatayarisha ninyi wenyewe.

NINAYOWAOMBA

Nimeandika mambo matano, nami namkabidhi Katibu karatasi hii ili tawi liyajadili na kuyapeleka kwa waajiri.

1. Mwanafunzi asipewe meza ya mtu aliyeachishwa. Mahali ambapo karani ameondolewa, asipokewe mwanafunzi mpaka jambo lile limalizwe na chama.

2. Kila mwanafunzi awe na mfanya kazi mmoja wa kumsimamia, jina lake liandikwe, na mfanya kazi huyo apunguziwe kazi nyingine kidogo au alipwe kitu kwa kufundisha. Kufundisha ni kazi.

3. Mwanafunzi aandikiwe siku ya kwanza mambo atakayojifunza, na mwisho sahihi itiwe kwa yale tu aliyoyafanya kweli. Chai si mojawapo.

4. Asitumie neno la siri la mtu mwingine, wala asiachwe peke yake na hesabu za fedha. Na kabla hajaanza, chuo na mwajiri waonyeshe kwa maandishi nani atamgharimia akiumia.

5. Apewe nauli na chakula cha mchana. Mtoto wa mkulima asiye na nauli akishindwa, na mtoto wa tajiri akifaulu, tutakuwa tumepima mfuko wa baba.

Kwa upande wangu naahidi mambo mawili. Sitampeleka mwanafunzi mahali ambapo tawi limesema kuna ugomvi. Na milango ya chuo chetu itakuwa wazi Jumamosi mchana kwa mwanachama yeyote anayetaka kujifunza kompyuta, hata kama hajui kuiwasha. Wanafunzi wangu ndio watakaowafundisha, ili nao waonje ugumu wa kazi ya mwalimu.

Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni huyu kijana. Atapona mwenyeji kama amemkaribisha kwa masharti, akamwonyesha mizani iko wapi na kipima unyevu kinasomwaje.

Ahsanteni sana.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mwanachama mmoja, karani wa miaka mingi, aliuliza: “Mwalimu, mimi nina miaka 54. Nikimfundisha kijana huyu kazi yangu yote, si nimempa mwajiri kisu cha kunichinjia?”

Jibu: “Mama, nakuelewa, na ndiyo sababu sharti la kwanza nimeliweka la kwanza. Usifundishe bila masharti hayo. Lakini ukikaa na ujuzi wako kichwani peke yako, mwajiri huona daftari tu, haoni ujuzi. Yule mama wa ghala, siku aliyoonyesha kosa la kilo 900, ndiyo siku wakubwa wake walipojua thamani yake. Sasa hakuna badiliko la programu linalofanywa pale bila kuulizwa yeye.”

Mwanachama mwingine, dereva, aliuliza: “Siku hizi twasikia iko akili bandia ambayo huandika programu yenyewe. Basi vijana hawa unawafundisha nini, si watakosa kazi kabla hawajaanza?”

Jibu: “Ni kweli, mashini hizo huandika programu kwa dakika moja, na wanafunzi wangu huzitumia, wakati mwingine kwa kuniibia mtihani. Nilijaribu kuiambia moja iandike programu ya ghala la mahindi. Iliandika upesi, kwa Kiingereza kizuri, nayo haikuuliza unyevu. Haiwezi kwenda kwenye mizani. Kwa hiyo yule ajuaye kubonyeza tu yuko hatarini, nami namwambia hivyo. Ajuaye kuuliza watu wa kazi na kukagua jibu la mashini, huyo bado anahitajiwa.”

Wa tatu aliuliza kama wale makarani wawili walioachishwa watarudishwa.

Jibu: “Hilo haliko mikononi mwangu, liko mikononi mwenu na mwajiri. Lililo mikononi mwangu nimelifanya. Niliwaondoa wanafunzi wale pale juma lile nilipopata habari, na nimeandika barua kwa Katibu kueleza kazi waliyokuwa wakipewa, siku kwa siku, kama ilivyoandikwa katika vitabu vyao. Kama itawafaa katika shauri lenu, itumieni.”

Katibu alisema barua hiyo ameipokea. Mambo matano ya mwalimu yatajadiliwa katika mkutano ujao wa tawi, na kila mwanachama anaombwa aje akiwa ameyasoma.